Zimwi Lilipopewa Kauli: Historia ya Kicheko Kilichochelewa Kufika Mpanda

UTANGULIZI

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida methali hii tunaifafanua tukiwa tumesimama upande wa zimwi: likikufahamu litakuonea haya, litakubakizia angalau mkono au mguu. Ni mara chache mhakiki hugeuka na kuuliza swali la upande wa pili. Je, mtu naye akishalijua zimwi vizuri, nasaba yake na desturi zake, atalifanya nini? Makala hii inadai kwamba mtu huyo anaweza kulicheka, na kwamba kicheko cha namna hiyo, kikifanywa kwa ufundi, hulirudishia zimwi kitu ambacho woga wetu ulilinyang'anya, yaani kauli.

Mfano nitakaoutumia ni filamu ya Young Frankenstein, iliyotoka Marekani mwezi Desemba 1974. Iliongozwa na Mel Brooks, na mswada wake aliuandika pamoja na mwigizaji Gene Wilder, ambaye ndiye aliyekuwa na wazo hilo tangu mwanzo. Ni filamu ya vichekesho inayoziiga filamu za kutisha za zamani, yaani ni parodi. Najua wapo watakaouliza: filamu ya Wamarekani inatafuta nini katika jarida la fasihi? Majibu ni mawili. Kwanza, mzizi wake ni riwaya. Pili, ndugu msomaji, tuambizane ukweli: wengi wetu tuliotoka mikoani tulikutana na hadithi ndefu kwenye skrini kabla ya kukutana nayo kwenye kitabu. Mhakiki anayeipuuza skrini anapuuza nusu ya elimu ya fasihi ya kizazi chake.

NASABA YA ZIMWI

Mary Shelley alianza kuitunga Frankenstein mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18 tu, na riwaya ikachapishwa London mwaka 1818. Mwanasayansi kijana, Victor Frankenstein, anaunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti, anakipa uhai, kisha anakikimbia kwa sababu kinatisha. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwa kuwa wanaijua hadithi hii kwa kusimuliwa, ni kwamba kiumbe huyu wa Shelley anazungumza. Tena si mchezo! Anajifunza lugha kwa kuisikiliza kwa siri familia ya De Lacey kupitia ufa wa ukuta, anajifunza kusoma, na katikati ya riwaya anashika usimulizi na kujieleza kwa sura kadhaa mfululizo. Baba wa familia hiyo ni kipofu, na ndiye mtu pekee anayemsikiliza bila kumwogopa. Felix, mwanawe, anaporudi nyumbani na kumwona mgeni kwa macho, anamshambulia kwa fimbo. Shelley amekwisha kutupa dhamira yake kuu hapo: sikio lilimkubali, jicho likamkataa.

Sasa tazama kilichotokea sinema ilipoichukua hadithi hii. Mwaka 1931 kampuni ya Universal ilitoa Frankenstein iliyoongozwa na James Whale, Boris Karloff akiwa zimwi. Sura ile ya paji bapa na vyuma shingoni, iliyosanifiwa na Jack Pierce, ndiyo iliyobaki akilini mwa dunia nzima. Lakini zimwi la Karloff ni bubu. Linanguruma, linanyoosha mikono kuelekea kwenye mwanga, halisemi neno. Mwishoni umati wa wanakijiji wenye mienge unalifukuza hadi kwenye kinu cha upepo na kukichoma moto. Mwaka 1935, katika Bride of Frankenstein, Whale huyohuyo alilipa maneno machache, na Karloff mwenyewe hakupendezwa na uamuzi huo. Katika Son of Frankenstein ya mwaka 1939 likarudi kuwa bubu. Mwaka 1942 likapandikizwa ubongo wa mtu mwingine, hivyo sauti iliyolitoka ikawa si yake hata kidogo.

Yaani kutoka 1818 hadi 1942 hadithi ilikuwa inasafiri kuelekea kwenye ukimya. Zimwi lilizidi kuwa maarufu kadiri lilivyozidi kunyamazishwa.

Kicheko kiliingia rasmi mwaka 1948, pale Universal ilipowakutanisha wachekeshaji Abbott na Costello na mazimwi yake yenyewe. Bela Lugosi alirudi kuwa Dracula, na Lon Chaney Mdogo akarudi kuwa mbwa-mwitu-mtu. Ufundi wa filamu ile ni huu: mazimwi hayachekeshi. Yanafanya kazi yao ya kutisha kwa uaminifu kabisa, na kichekesho kinatoka kwa wale wawili wanaotetemeka. Brooks na Wilder walilirithi somo hilo wakalipeleka mbali zaidi.

FANI: UIGAJI WENYE HESHIMA

Katika fani, jambo la kwanza la kutazama ni rangi. Mwaka 1974 filamu za rangi zilikuwa ndiyo kawaida, lakini Brooks alishikilia kwamba hii itakuwa nyeusi na nyeupe. Kampuni ya Columbia ilikataa sharti hilo, na filamu ikahamia 20th Century Fox. Si hivyo tu. Vifaa vya maabara tunavyoviona, zile coili na duara zinazotoa cheche, ni vilevile vya Kenneth Strickfaden vilivyotumika mwaka 1931; mwenyewe alikuwa bado anavyo. Mtu anayedharau kitu hahangaiki kiasi hicho. Hapa ndipo ninapotofautisha dhihaka na parodi: mwenye dhihaka anasimama nje ya mlango na kurusha mawe, mwenye parodi ameingia ndani, ameketi, na anajua kila chungu kilipo.

Wahusika nao wamejengwa kwa mtindo huo. Inspekta Kemp ana mkono wa bandia. Anautumia kama kibao cha kuchomekea mishale anapocheza na daktari, na mtazamaji asiyejua lolote atacheka kidogo, kwa sababu mkono wa mti unaochomekwa mishale ni kitu cha ajabu. Lakini aliyeitazama Son of Frankenstein anajua kwamba Kemp ni mjukuu wa kifasihi wa Inspekta Krogh, ambaye mkono wake uling'olewa na zimwi angali mtoto. Kichekesho kina kaburi chini yake. Vivyo hivyo kwa yule mtawa kipofu, aliyeigizwa na Gene Hackman: anamkaribisha zimwi kwa upendo wote, anammwagia supu ya moto mapajani, anamvunjia kikombe, anamwasha kidole gumba akidhani anawasha sigara. Huyu ni yule mtawa kipofu wa mwaka 1935, na yule wa 1935 ni yule mzee De Lacey wa mwaka 1818. Supu ile imepita mikono mitatu kabla ya kumwagika.

Na mhusika mkuu, Frederick Frankenstein, mjukuu wa muundaji wa zimwi, anaanza kwa kulikana jina la ukoo. Analitamka kwa namna nyingine kabisa ili asihusishwe na babu. Msomaji wa Afrika hahitaji kufafanuliwa hili. Sote tunamjua msomi aliyerudi kutoka ng'ambo na jina lililobadilika matamshi.

SKRINI ILIVYOFIKA MPANDA

Hadi hapa nimeonyesha kwamba kicheko cha filamu hii ni mnyororo: ukikosa pete moja, hucheki. Swali la kihistoria linafuata lenyewe. Mtu wa Mpanda angezipata wapi pete hizo?

Majumba ya sinema ya Tanganyika na Zanzibar yalifuata biashara na bandari: Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mwanza, Tabora. Mpanda ilikuwa mbali na msururu huo. Tawi la reli kutoka Kaliua, la kilometa 210 hivi, lilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na machimbo yenyewe yakafungwa mwaka 1960. Mwaka uleule wa 1974 ambao zimwi la Brooks lilikuwa linapasua watu mbavu Marekani, serikali ilikuwa inaunda Mkoa wa Rukwa na kuiweka Mpanda ndani yake, na Katavi ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni. Ilianza mwaka 1994. Mkoa wa Katavi, ambao Mpanda ndiyo makao makuu yake, ulizaliwa mwaka 2012. Umeme wa mji kwa miaka mingi ulikuwa wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa.

Kwa hiyo skrini kwetu haikufika kwa mpangilio wa miaka. Ilifika yote kwa pamoja, ndani ya banda la video: mabenchi, pazia zito la kuzuia mwanga, deki moja, na kiingilio cha sarafu. Filamu za Hong Kong, za Kihindi, za Nigeria na za Bongo zilikuja zikiwa zimechanganyika, kumi au ishirini kwenye diski moja, bila kujali ipi ilimzaa ipi. Mtu aliweza kumwona mjukuu kabla ya babu, au mjukuu peke yake. Watafsiri wa filamu waliojitokeza Dar es Salaam, ambaye mashuhuri wao ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, walifanya kazi kubwa ya kuziba pengo hilo: walisimulia juu ya filamu kwa Kiswahili, wakaeleza nani ni nani na kwa nini. Hao walikuwa wahakiki wetu wa kwanza, ingawa hakuna chuo kilichowapa cheti.

Ndivyo nilivyoiona Young Frankenstein mara ya kwanza, nikiwa darasa la tano, mtaa wa Makanyagio. Ilikuwa kwenye diski ya mchanganyiko, haina mtafsiri. Baada ya dakika ishirini hivi watu walianza kuguna. "Hii picha haina rangi!" "Toa, weka ya Jet Li!" Ikatolewa. Mara ya pili niliitazama nikiwa chuoni, mwaka wa pili, baada ya kuisoma riwaya ya Shelley na kuzitazama zile za Whale. Nilicheka hadi jirani wa chumba akagonga ukuta.

KWA NINI BANDA HALIKUCHEKA

Rahisi kusema kwamba banda halikucheka kwa kuwa halikuelewa Kiingereza. Hilo lipo, lakini halitoshi. Banda lilelile lilimcheka Mr. Bean, ambaye hasemi kitu, na lilimcheka Mzee Majuto kabla hajafungua mdomo. Sababu ya ndani zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba maiti inayofufuliwa na kutumikishwa si ngano kwetu. Ina jina. Inaitwa msukule.

Imani ya msukule inajulikana sehemu nyingi za Tanzania. Mtu huonekana amekufa, huzikwa, lakini husemwa kwamba mchawi amemchukua na kumficha, naye hulimishwa usiku na kulishwa pumba. Na tazama jambo moja ambalo masimulizi hayaliachi: husemwa kwamba msukule amekatwa ulimi. Yuko hai, anafanya kazi, hawezi kusema. Waandishi wa Hollywood wa mwaka 1931 hawakuwahi kusikia habari za msukule, lakini walifika mahali palepale: ili mfu aliyerudi atishe kabisa, mnyang'anye kauli.

Mpanda yenyewe imejaa hadithi za walioondoka wasiondoke. Hata jina la hifadhi linahusishwa na Katabi, mwindaji ambaye roho yake inaaminiwa kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka hapo. Katika mazingira hayo mtoto anayemwona mtu akitoka mezani na mishono shingoni haoni kichekesho. Anaona habari. Banda halikuwa na ujinga. Lilikuwa na elimu nyingine.

MAUDHUI: UMATI NA MIENGE

Sasa tuje kwenye kiini. Katika filamu zote za ukoo huu kuna wahusika ambao wahakiki huwapita haraka, nao ni umati. Wanakijiji wenye mienge. Mwaka 1931 umati unaonyeshwa kama nguvu ya haki inayoondoa uovu, ingawa Whale anaacha shaka kidogo. Mwaka 1974 umati ndio unaochekwa. Unakutana, unapayuka, unamfuata Inspekta ambaye maneno yake wenyewe hawayaelewi, unakubali jambo kabla ya kulijua.

Magazeti yetu yana msemo wa kuwaita watu hawa: wananchi wenye hasira kali. Msemo huu umezoeleka kiasi kwamba hatuusikii tena. Mtu "ameuawa na wananchi wenye hasira kali", na habari inaishia hapo, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika fimbo. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, wanaouawa kwa tuhuma za uchawi mara nyingi ni wanawake wazee, na ushahidi ni macho mekundu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiyaandika mauaji haya mwaka hadi mwaka. Sheria ya Uchawi tunayo tangu ukoloni, mwaka 1928, lakini umati hausomi sheria.

Kwetu kunalimwa tumbaku. Majani hukaushwa ndani ya bani kwa moto wa kuni, siku nyingi mfululizo, na anayechochea moto hulala nao. Mtaani kwetu alikuwapo bibi mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu usichana wake. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Watoto tulikuwa tukimwona tunavuka barabara. Mwaka mmoja maneno yakaanza, na siku moja nyumba ikawa imefungwa kwa kufuli. Watoto wake walikuwa wamemhamisha usiku. Sikuwahi kumsikia akiongea. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Basi rudi kwenye mwisho wa filamu. Umati umevunja mlango na umemfikia daktari, na Frederick ameamua kuhamisha sehemu ya akili yake kwenda kwa zimwi. Zimwi, lililoigizwa na Peter Boyle, linanyanyuka na kuwaamuru watulie. Kisha linazungumza. Linaeleza, kwa lugha iliyotulia na yenye adabu, kwamba tangu liumbwe watu wamekuwa wakiliangalia sura na kukimbia, na kwamba lilipokosa kupendwa ndipo lilipoamua kuogopwa. Umati unanyamaza. Mienge inashuka.

Hii ni filamu ya vichekesho, wala si hotuba. Lakini tazama kilichofanyika kihistoria. Kauli ambayo Shelley aliitoa mwaka 1818, ambayo sinema ya kutisha iliipora mwaka 1931, imerudishwa mwaka 1974 na wachekeshaji. Filamu ya kutisha, kwa uzito wake wote, ilikuwa mbali zaidi na riwaya kuliko filamu ya mzaha. Sidhani kwamba ni bahati. Woga hauhitaji mtuhumiwa aseme. Ukimya ndio chakula chake. Kicheko kinahitaji mazungumzo, kwa sababu huwezi kumcheka vizuri mtu usiyemjua.

MAZIMWI YETU WENYEWE

Je, sisi tunayo fasihi ya namna hii? Jirani wa karibu kabisa ni Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanza na mauaji mahali pa mizimu. Watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imekasirika. Bwana Msa, na kiko chake na ucheshi wake wa pembeni, anauliza maswali hadi inabainika kwamba ni kazi ya binadamu. Katika Kisima cha Giningi, ya mwaka 1968, anachukua jina la mahali panapotisha kuliko pote katika simulizi za wachawi wa Unguja na kulitia ndani ya hadithi ya upelelezi. Wahakiki wetu wamemlaumu Abdulla kwa kumuiga Sherlock Holmes. Mimi naona kwamba silaha yake kubwa ni swali linaloulizwa kwa upole mbele ya watu waliokwisha kuhukumu.

Ngano zetu nazo zinalijua jambo hili. Yule binti aliyefungwa ndani ya ngoma ya zimwi anaokolewa na nini? Anaokolewa na sauti yake: zimwi linapiga ngoma, binti anaimba, wazazi wanamtambua. Kauli ndiyo uhai.

Filamu za Bongo zilipoanza kushamiri miaka ya 2000, Mussa Banzi alitutisha kwa Nsyuka na Shumileta, na alitutisha vizuri. Vichekesho vyetu navyo vimemcheka sana mganga, mteja wake na mke wa mteja. Kitu ambacho mimi bado sijakutana nacho ni kazi inayouchukua umati, wale wenye hasira kali, ikautazama kwa karibu hadi mtazamaji ajione amesimama humo ndani na mwenge mkononi, kisha acheke na kuona haya kwa wakati mmoja. Nyenzo zipo zote. Zimwi tunalo, umati tunao, bibi mwenye macho mekundu tunaye.

HITIMISHO

Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Young Frankenstein katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa lile. Wamarekani wana sababu zao. Sababu yangu ya kuipendekeza isomwe pamoja na riwaya ya Shelley na riwaya za Abdulla ni nyingine: inaonyesha kwamba parodi inaweza kuwa uhakiki, tena uhakiki unaokumbuka kile ambacho kazi nzito zimekisahau. Mtazamaji wa Mpanda hahitaji kuambiwa aache kuogopa. Anahitaji kupewa pete zote za mnyororo, kwa lugha yake, na mtafsiri hodari wa kumwonyesha ipi inashika ipi.

Na wale kati yetu wanaoandika tamthilia na miswada ya filamu wasikimbilie kuandika msukule wa kutisha zaidi. Waandike msukule aliyerudishiwa ulimi. Waone umati utasema nini.